Chumba cha Vioo

Bi Asya alimgusa mtoto shingoni, akauondoa mkono upesi, kisha akamgusa tena. Moto! Tangu asubuhi kanyonya mara moja tu, na sasa amelegea, hata kulia halii.

Mtoto ni wa Nadhira, bintiye, aliyerudi Micheweni kujifungua mimba ya kwanza kwa mama yake, kama ilivyo desturi. Mzazi na kichanga hawatoki nje mpaka arubaini, na Bi Asya aliwapa chumba cha fahari, cha magharibi, chenye ukuta mzima wa vioo. Mwanawe Ridha ndiye aliyevituma kutoka Maskati. Fundi alitaka kuacha upenu mpana wa kukinga jua. Bi Asya akaja juu: vioo vya watu vifichwe kwa nini? Akaamuru bati likatwe usawa wa ukuta na baraza isijengwe, wapita njia wapate kuona. Na wallahi waliona. Jirani yake, Bi Mwanawema, mwenye nyumba ya udongo na makuti, ndiye pekee aliyesema nyumba ile imenyolewa nyusi. Tangu siku hiyo salamu zao zilikuwa za kuvutana.

"Kijicho hiki," Bi Asya alijiambia. Wageni walikuwa wengi mno, wa mtoto na wa vioo. Akafunga dirisha, akashusha pazia, akafukiza ubani, akasoma Ayatul Kursiyyu mara baada ya mara. Jua la alasiri likapiga vioo vile bila huruma, na bati lisilo na dari chini yake likaanza kualika kwa joto, ta! ta! Chumba kikawa tanuri.

"Mama, ntoto hanyonyi."

"Subiri, mwanangu. Ubani haujafanya kazi."

"Hebu ntazame mdomo! Nkavu!"

Bi Asya alitazama, akakiweka chetezo chini. Kumtoa kabla ya arubaini ni kumwanika kwa kila shetani mpita njia. Kumwacha ndani je? Hakuthubutu kulimaliza wazo hilo. Akapiga simu kuita bajaji ya kuwapeleka hospitali. Dereva akajibu kuwa ndiyo kwanza anatoka Konde, wangojee.

Wangojee wapi? Nje ya nyumba yake hapakuwa na kivuli cha kumfaa hata kuku. Akamfunika mtoto kanga, akamshika Nadhira mkono, akavuka njia akienda kule alikoapa hatakanyaga.

Bi Mwanawema alinyoosha mikono. "Nlete. Nvue hizo nguo zote." Ndani ya makuti mlikuwa na giza la baridi, na upepo ulipita chini ya upenu. Wakampangusa kwa kitambaa cha maji. Bi Asya alisimama mlangoni akimwomba Mungu amchukue yeye.

Mtoto akakunja uso, akalia. Nadhira akampa ziwa, akanyonya.

Bajaji ilipofika walikwenda hospitali vilevile. Nesi alimpima, akasema homa imeshuka, ni joto la chumba lililomzidi. Walale naye penye ubaridi.

Walirudi jua likiwa bado kali. Bajaji ilipokaribia nyumbani, Nadhira alimgusa dereva begani.

"Sisi tushushe hapa kwa Bi Mwanawema," alisema. "Mama utampeleka kwake."