Nilifunga Milango ya Gari Huku Mjane Akipigwa

Admin, naomba jina langu ulijue wewe tu, maana mume wangu hayupo mtandaoni, lakini wazazi wa wanafunzi wangu wanafuatilia ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka 36, mwalimu wa shule ya msingi hapa Ifakara, tunaishi upande wa Lumemo. Tuna watoto wanne, na tunakaa na mama mkwe ambaye goti lake moja halikunji. Mume wangu ananunua mpunga Lupiro na kuuza mjini. Sikuwahi kufikiri nitaandika mambo ya nyumbani kwangu mtandaoni, lakini haya yananila.

Tulikuwa na kigari kidogo, Vitz. Watu saba ndani ya Vitz, mama mkwe mbele na mguu wake, mimi nyuma na watoto wote. Masika tukienda Lupiro tunashuka kusukuma, nguo za kanisani zinajaa tope. Mwaka huu tukakubaliana tutafute gari la juu, la safu tatu za siti, hata kama limetumika.

Tukawa tunazunguka na fundi wetu, mzee mmoja mpole. La kwanza tuliliona hapahapa mjini. Fundi akaniambia, "Mama, inua kapeti unuse." Nikainua, harufu ya matope yaliyooza ikanipanda puani. Lililala kwenye mafuriko. La pili moshi wake ulikuwa wa bluu, injini inakula oili. La tatu lilikuwa Kidatu.

Tulifika Jumamosi saa tano asubuhi. Gari lilikuwa jeupe, safi, siti saba. Fundi akaingia chini, akatoka anatabasamu. Mimi nikakaa siti ya nyuma kabisa, nikawaza wanangu watakavyojinyoosha, kisha nikahamia siti ya dereva kujaribu usukani. Muuzaji, mwanaume wa miaka hamsini hivi, alisema gari ni la familia. Fundi aliposhika kadi ya gari akanong'ona, "Bosi, hili jina ni la marehemu. Tumuone kwanza msimamizi wa mirathi."

"Msimamizi ni mimi," muuzaji akadakia, kumbe amesikia. "Marehemu ni mdogo wangu."

Mume wangu akajibu, "Fundi, wewe umekuja kuangalia injini."

Hapo ndipo mwanamke alipotoka nyuma ya nyumba akikimbia, na mchi wa kutwangia mkononi. "Hiyo gari haiuzwi! Ni ya wanangu! Shemeji, kaburi la mume wangu bado bichi!" Akapiga taa ya mbele, ikapasuka. Akapiga bodi. Muuzaji akamrukia, ila yule mama akamkwepa na kumtandika mchi wa bega.

Mume wangu akamshika yule mama kwa nyuma, mikono yote miwili. Nilidhani anaamua ugomvi. Lakini muuzaji aliokota mchi, na mume wangu hakumwachia. Pigo la kwanza lilimpata usoni. La pili lilipata mkono, nikasikia mfupa ukivunjika, nikiwa ndani ya gari. Fundi akaingilia, akasukumwa akaangukia ukuta, akainuka akakimbilia barabarani kuita watu. Mume wangu alikuwa bado amemshika. Pigo la tatu likampata jichoni.

Alipomwachia, yule mama alijikokota hadi kwenye mlango nilipokuwa. Damu ilikuwa inamtiririka mpaka shingoni. Akaweka kiganja kwenye kioo. "Dada, nifungulie. Dada, wataniua."

Nikabonyeza kitufe cha mlangoni kwa dereva. Milango yote ikajifunga. Akanitazama kwa jicho lililobaki, muuzaji akamshika nywele akamvuta chini, akampiga mateke mpaka akanyamaza. Nilikuwa naona kila kitu na sikupiga hata kelele.

Majirani walipoanza kujaa, mume wangu alimkabidhi muuzaji pesa harakaharaka, akaniamuru niendeshe Vitz, yeye akaondoka na lile gari. Nyumbani alichukua ndoo na sabuni, akaosha damu kwenye kioo. Watoto walishangilia wakiruka juu ya siti. Nilipomuuliza kwa nini alimshika mtu apigwe, alisema, "Nilimshika asijiumize."

Wiki iliyopita dada wa yule mama alinipigia. Fundi ndiye aliyempa namba yangu. Alisema, "Mdogo wangu yupo hai. Mkono umewekewa chuma, jicho limekufa. Shemeji yake anasema alianguka kisimani. Fundi alikimbia kuita watu, hakuona mwisho. Mwalimu, wewe uliona. Wanawe watatu wanalala kwangu." Hakunitukana. Bora angenitukana.

Nilimweleza mume wangu kwamba nataka kwenda polisi. Alinipiga kwa waya wa pasi mbele ya watoto. Mama mkwe alijaribu kusimama na mguu wake, akaanguka, akawa analia, "Mwanangu, muache! Utaua!" Hakuacha mpaka alipochoka. Akainama akaniambia sikioni, "Yule mama alipigwa na shemeji. Wewe utapigwa na mimi, na mimi sichoki haraka." Leo naandika nimelalia ubavu mmoja, shuleni nimesema nina malaria.

Dada wa yule mama ameshafungua kesi, na mpelelezi wa polisi amenitaka Jumatatu nikatoe maelezo. Mume wangu ameshasema Jumapili baada ya misa tunavuka mto kwenda kwao Mahenge, nitakaa huko mpaka kesi ipoe. Nikisema, baba wa wanangu anafungwa, na mimi nitaulizwa mbele ya watu kwa nini sikumfungulia. Nikinyamaza, yule mama anarudishwa kwenye mikono ya aliyemtoa jicho.

Leo ni Ijumaa. Nauli ya kwenda kwa dada yangu ninayo, ila ni ya mimi na watoto wawili tu. Mnaosoma hapa, nielekezeni pa kuanzia. Na msinionee huruma mimi kwanza.