Miguu ya Ami Ngumbao

Ami Ngumbao, jirani yetu hapa Kibokoni, kazi yake ilikuwa kutembeza wageni. Si kuwaonyesha Ngome, ile ya kale ya hapa mjini. Aliwapeleka kwa miguu siku kumi na tatu, kuanzia Mariakani, kukata nyika kavu ya Taru, kupanda milima ya Taita na misitu yake ya ukungu, mpaka Loitokitok. Miaka kumi na minane.

Mwaka jana alianza kujisifu. "Miguu imekomaa," akamwambia mkewe, Bi Swabaha. "Zamani siku ya nne nalia. Sasa sisikii kitu."

"Hongera, punda wangu," akamjibu. Tukacheka sote.

Mwezi wa nane alirudi safari, akavua buti. Soksi ilikuwa imegandana na mguu. Bi Swabaha akailoweka kwa maji ya vuguvugu, akaivuta polepole. Kisiginoni palikuwa na mwiba wa mgunga, umezama wote, na nyama kandokando imekuwa nyeusi. Ulimtoboa buti kule Taru. Alipanda nao milima.

"Hukuusikia?"

"Nilisikia harufu. Nikadhani ni ya mgeni."

Bi Swabaha akabonyeza ule wayo kwa kucha, hapa na hapa, akimwangalia usoni. Ami alikuwa akitazama barabarani. Hakujua kama anaguswa.

Hospitali wakasema ni sukari, tena ya miaka, imeitia miguu ganzi. Mguu ukatwe chini ya goti, upesi.

"Nina watu saba mwezi ujao," Ami akasema. "Niwafikishe, nikirudi mtaukata."

"Utarudi umebebwa," Bi Swabaha akasema. "Na mimi sitakuja kukupokea."

 Alasiri Ami akatia sahihi.

Wale saba walichukuliwa na Fondo, kijana aliyefunzwa na Ami mwenyewe. Siku ya tatu akapiga simu. Ami alikuwa barazani, kigutu chake juu ya mto.

"Ami, kisima kimekauka. Niwapeleke wapi?"

Ami akafumba macho. "Fuata mawe meusi. Ukifika kwenye mchanga mweupe, chimba mpaka kiwiko. Maji yapo."

"Ahsante. Safari ya Disemba tutakuwa pamoja, eti?"

 Bi Swabaha akaichukua simu. "Fondo, safari hizo ni zako sasa." Akakata.

"Sijamwambia pa kulala," Ami akasema. "Pale mchangani kuna ndovu."

Bi Swabaha akapiga tena, na tena. Fondo hapatikani.