Jina la Baba Mkwe Kwenye Kaunta

"Hayupo," mhudumu wa kaunta aliniambia, na mwanangu nimembeba mgongoni, anachemka homa.

Asubuhi, nikiwa shambani, mama mkwe ndiye aliyempeleka kupima damu kituo cha afya Ipinda. Alimwandikisha kwa jina la ukoo, yaani jina la baba mkwe. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana halitamki jina hilo hata kwa kunong'ona. Basi mchana nilipofuata majibu, nilimtaja mtoto kwa jina la baba yangu badala yake.

"Majibu si yamo humo ndani?"

"Yamo, dada. Ila kompyuta haijui yamewekwa wapi. Inaiuliza saraka, ile orodha ya majina, na saraka inaonyesha mahali kwa jina lililoandikishwa tu."

"Tafuta jina la mtoto peke yake."

"Wako wengi mno."

Shangazi wa mume wangu, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, akadakia. "Mkamwana, mimi usinitie humo. Nenda kamlete mama mkwe wako aliyemwandikisha, alitaje yeye." Nyumbani ni Ikolo, mwendo mrefu kwa miguu. Mtoto alishalegea shingo.

Nikalitamka, kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Shangazi akaziba mdomo kwa khanga. Mhudumu akaandika, majibu yakafunguka: malaria. Mtoto akaanza dawa palepale.

Jioni nilitumiwa ujumbe kutoka ukweni nikaombe radhi kwa baba mkwe. Sikwenda na siendi. Anayetaka kujua kwa nini, aje amwone mjukuu wake anavyokimbiza kuku.