Nyumba Isiyohesabiwa Mbu

Nilipoambiwa kwamba makala yangu kuhusu mbu wa kijiji cha Tongoni huenda ikachapishwa katika jarida la wataalamu huko London, niliota mapembe. Enzi hizo za miaka ya hamsini nilikuwa msaidizi tu katika kituo cha utafiti wa malaria, lakini nilianza kutembea na kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, moja haina hata wino. Nikiulizwa habari barazani, najibu polepole, kama mtu anayepima dawa. Mke wangu akanikumbusha kwamba ngoma ivumayo haidumu. Nikamwona hajui mambo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alfajiri mimi na mwenzangu tuliingia vyumba vya kulala, tukatandika shuka nyeupe sakafuni na kitandani, tukafunga madirisha na kupuliza dawa, kisha tukaokota mbu walioanguka. Tulipita nyumba hadi nyumba, isipokuwa moja iliyo katikati ya kijiji. Ilikuwa ya mama mkwe wangu. Mtu haingii chumba cha mama mkwe, sembuse kupiga magoti chini ya kitanda chake kuokota wadudu. Niliipita nimeinamisha kichwa, tena nikajiona mtu mwenye adabu zake.

Makala ikaenda. Miezi ikapita, ikarudi na swali la mhariri: ramani inaonyesha nyumba moja haikupimwa, mwandishi aeleze sababu, la sivyo haichapishwi.

Nilikaa mbele ya taipu jasho likinitoka. Kwanza niliandika kwamba nyumba ile haikuwa na mtu. Niliposoma nikaichana karatasi upesi, maana kusema nyumba ya mkwe haina mtu ni kumwombea kifo, tena kwa Kiingereza. Mwishowe nikaandika ukweli. Mkuu wangu, Mwingereza asiyecheka ovyo, alicheka mpaka akavua miwani, akaupeleka hivyo hivyo. Makala ikachapishwa. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, ilielezwa kwamba nyumba moja iliachwa kwa heshima ya mwandishi kwa mama wa mkewe.

Furaha yangu haikuwa na kifani. Ijumaa baada ya sala nilivaa kanzu iliyopigwa pasi, nikalipeleka jarida Tongoni pamoja na mke wangu. Mama mkwe alikaa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, mimi ukumbini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Mke wangu akamweleza yaliyoandikwa, nami nikangoja sifa.



"Mwanangu," alisema, "siku ile nilikifagia chumba mapema, nikafunika na mitungi, nikakaa kuwangoja. Mkanipita. Tangu hapo majirani waniuliza nyumba yangu ina nini, hata wapima mbu waikimbie."



"Na huyo mwenzio si mkwe wangu," akaongeza. "Hukuweza kumtuma yeye?"

Mhariri hakuwa ameliuliza hilo. Mkuu wangu pia hakuliuliza, wala mimi mwenye kalamu mbili. Nililikunja jarida nikalikalia, niliona haya kweli kweli.

Jumatatu yake mwenzangu aliingia mle na shuka zake. Mimi nilisimama nje njiani, nimeshika kopo la dawa, kila jirani anione. Alipotoka nilimuuliza hali ya chumba. Akasema kilikuwa kimefagiliwa, na mitungi imefunikwa.