Robine Ndani ya Lupango

Juzi, kanisa jipya la mtaa wetu wa Ruashi lilitualika sisi majirani kusikia maono yake: kuchimba kisima, kila mtu apate maji ya bure. Tukapiga makofi. Mama mmoja Mkatoliki, bidoni tupu ya maji miguuni, akanyoosha kidole.

"Pasta, robine ya kuchota maji itakuwa wapi?"

"Ndani ya lupango ya kanisa, nyuma ya ukuta, mama. Juu ya usalama, isiibwe."

"Na mulango mutafungula saa gani?"

"Kisha ya maombi."

"Miye naendaka misa ku parokia. Batoto bangu banywe nini? Muweke robine ku barabara, miye nitailinda."

Pasta akafuta jasho, akasema tuliombee jambo hilo. Nikafumba jicho moja tu, nikamwona mama naye kaacha lake moja wazi. Wasomaji wangu, nikiambiwa maji ni ya bure, mimi huuliza kwanza ufunguo utalala kwa nani.