Farasi wa Mafisa

'M'e 'Malineo, na 'm'e kwetu ni mama, amebeba damu ya watoto wetu kwa miaka kumi na mmoja. Kila Alhamisi hufika zahanati juu ya farasi wa mradi, huchukua bahasha yenye matone yaliyokaushwa kwenye karatasi, kisha huvuka mlima hadi maabara ya wilaya. Mtoto wa mama mwenye virusi vya Ukimwi akipimwa mapema, huanza dawa mapema na huishi. Mimi ndiye muuguzi ninayemkabidhi bahasha. Nimechoka, nakiri, lakini uchovu wangu ni wa kukaa kwenye kiti.

Machi alikuja bwana mmoja kutoka serikali ya kigeni inayolipia mradi. Wageni wa namna hiyo tumewapokea hadi tabasamu zimetuishia. Akamuuliza 'M'e, "Watu wetu wanataka kujua, kwa nini kodi yao ije huku?"

'M'e alikuwa anakaza tandiko, hakugeuka. "Ntate," akamwita, yaani baba, "unaijua mafisa? Mwenye ng'ombe wengi anampa jirani asiye nao awachunge. Jirani anakunywa maziwa, analimia. Ng'ombe wanabaki wa mwenyewe."

"Sasa mwenyewe anafaidi nini?"

"Ugonjwa ukiingia zizini kwake, wengine wako kwangu, wazima. Akiwa na kesi kwa chifu, nani atasimama naye? Mkono mtupu haulambwi, Ntate."

"Na akitaka kuwachukua?"

"Si wake? Awachukue. Ila asije wakati wa theluji. Hilo hata mchoyo wa kijiji hiki hafanyi."

Mgeni akacheka, akayaandika yote kwenye daftari, akaahidi kuyafikisha kwa wakubwa zake. Nilimpenda kidogo, siwezi kukataa.

Julai, kwetu katikati ya majira ya baridi, theluji ikiwa magotini, ikaja barua: mradi umefungwa. Siku ya pili lori likaja kumchukua farasi. Wiki hiyo hiyo mtoto wa Nthati, mmoja wa mama zetu wenye virusi, alitimiza wiki sita, wakati wa kupimwa. Nilimtoboa kisigino, nikaikausha karatasi, halafu nikakaa nikiitazama kwa hasira, maana sikuwa na wa kumpa.

Alhamisi 'M'e akaingia kwa miguu, blanketi limelowa hadi kiunoni.

"Una miaka sitini na tatu," nikamwambia. "Na nani anakulipa sasa?"

"Usinichoshe, mwanangu. Lete bahasha."

Karatasi ya mtoto wa Nthati ilifika maabara Ijumaa jioni, imechelewa siku moja. Yale ya kwenye daftari la mgeni sijui kama yalifika popote.