Kadi Iliyoshonwa Ndani ya Hirizi

Sina haja ya kukudanganya. Mtu aliyeacha shule darasa la nne, akajenga nyumba ya ghorofa hapa Garissa kwa kazi ya kupiga picha, hatafuti sifa kwa hadithi za majini. Sifa ninazo. Ninachokueleza kilinipata mimi mwenyewe, dukani kwangu, na wala haikuwa usiku. Ilikuwa mchana kweupe, baada ya adhuhuri, saa ile ambayo hata mbuzi wa sokoni hujibana ukutani kutafuta kivuli. Wazee wetu husema saa hiyo kuna wengine nao hutembea. Mimi nilikuwa nacheka.

Kwanza ujue mali yangu ilitoka wapi. Zamani za filamu, akina mama wa huku hawakutaka kabisa kupigwa picha kwenye sherehe yao ya wanawake. Filamu lazima isafishwe, na msafishaji ni mwanamume. Ataona nywele zao, ataona wanavyocheza. Kisha zikaja kamera za kidijitali zenye kadi ya xD ya kuhifadhia picha, kitu chembamba, kidogo kama ukucha wa dole gumba. Wenzangu waliona kadi tu. Mimi niliona mali! Nikamfundisha dada yangu kupiga, nikaweka kiti nyuma ya pazia dukani. Bi harusi anakaa pale, anatazama picha zake kwenye kioo cha kamera, akimaliza anailaza kifudifudi, anaondoka na kadi yake. Sikuwahi kuchungulia hata picha moja. Kutoka Hadado hadi Rhamu walinijua kwa amana hiyo. Kila bi harusi alinunua kadi yake mwenyewe, na kila mmoja nilimwambia, "Dada, kadi hii itaishi kuliko wewe."

Na niamini, kadi hazikufa. Vilivyokufa ni vifaa vya kuzifungulia. Kamera mpya zikaja na tundu la kadi nyingine, visomeo vya kadi vikaharibika na vipya havikuletwa, watengenezaji wakaiacha kadi hiyo, halafu simu zikameza kila kitu. Mimi si mjinga, nikahamia kwenye simu. Nikabaki na kamera moja ya zamani juu ya kabati, nayo imezima muda mrefu.

Asubuhi moja akaja binti kutoka Rhamu, jina lake Hodan. Akaweka mezani hirizi ya ngozi iliyofumuliwa.

"Adeer," akaniambia, yaani baba mdogo, ndivyo vijana wetu wanavyomwita mtu mzima, "nimevaa hii tangu utotoni nikidhani ndani ni aya. Shangazi ameifumua tuibadilishe ngozi kwa ajili ya harusi yangu. Amekuta hiki."

Kadi ya xD. Mama yake aliolewa hapa Garissa, akafariki akimzaa yeye, kabla hata kitambulisho chake hakijatoka. Picha nyingine hakuna. Bibi yake alikuwa ameambiwa kwamba sura ya marehemu imo ndani ya kile kitu, basi akakishonea ngozi na kumvika mtoto.

"Kila mtu ananiambia nimefanana naye," Hodan akasema. "Mimi peke yangu ndiye nisiyejua."

"Umefika kwa mwenyewe! Kuanzia hapa hadi Mandera, nisipoweza mimi, nani ataweza?"

Akatabasamu. "Shangazi alisema utajisifu, adeer. Alisema pia unaweza."

Nilihangaika asubuhi yote. Nikabadilisha betri, nikasugua vyuma vya ndani kwa kifutio, nikaita fundi wa simu. Kamera ikabaki jiwe. Na binti angerudi alasiri, kesho alfajiri apande basi la kwao. Adhuhuri ikapita, maduka ya jirani yakafungwa, nikakaa pale mlangoni nikitafuta maneno ya kumwambia. Mimi, kukosa maneno!

Ndipo akaingia mwanamke. Buibui jeusi, uso umefunikwa, macho tu. Harufu ya udi ilimtangulia.

"Walaal," akaniita, yaani ndugu, "kamera iko tayari?"

Nikadhani ndiye shangazi wa Hodan. Wewe ungefikiri nini? Nikamwambia haiwaki.

"Nipe hivyo hivyo."

Nikampa, kadi ikiwa ndani. Akaokota na ile hirizi mezani, akapita nyuma ya pazia bila kuuliza njia. Mara nikasikia mlio wa kamera kuwaka. Kisha tiki, tiki, picha zikipita. Akacheka. Kicheko cha msichana.

"Ulisema kweli, walaal," sauti ikatoka huko. "Imeishi kuliko mimi."

Wallahi, hayo ni maneno yangu kwa maharusi. Mwanga wa flashi ukamulika pazia mara moja, kisha kimya. Mlango wa duka ni mmoja, nami nimekaa mbele yake. Nilipovuta pazia, kiti kilikuwa kitupu. Hirizi ilikuwa juu yake, na kamera imelala kifudifudi, taa yake ya kijani inawaka.

Wewe usingeigeuza? Mkono wangu ulifika hadi pale. Nikaurudisha. Uso ule haukuwa wangu kuutazama.

Hodan alipokuja nilimwonyesha kiti tu. Alikaa nyuma ya pazia muda mrefu, akipiga kwa simu yake kila picha iliyo kwenye kioo cha kamera. Nikamsikia analia. Kisha akacheka, na kicheko kile nilikuwa nimeshakisikia mchana ule ule.

"Adeer, mama alikuwa anakujua?"

"Alikuwa mteja wangu. Kwa nini?"

"Picha zote ana hina na nguo za harusi. Ya mwisho amevaa buibui, uso wazi, amekaa kwenye kiti hiki." Akafunua pazia. "Ameshika hirizi yangu, adeer. Imefumuliwa."

Alipotoka alisema neno moja tu: "Kweli nimefanana naye."

Kamera ile haijawaka tena. Mchana sikai dukani, na pazia nimelifua mara nyingi lakini udi hautoki. Wala simwambii mteja tena kwamba kitu kitaishi kuliko yeye.

Na wewe uliyehifadhi sura za marehemu wako ndani ya simu, zichapishe kwenye karatasi wakati kifaa cha kuzifungulia bado kipo. Hodan alibahatika, mama yake alikuja mwenyewe. Wa kwako, una hakika anaijua njia?